Mafuta ya Breki Si Mafuta

Leo siasa naziweka kando. Wale mliozoea kusoma hapa habari za Bungeni na bei ya unga mnivumilie kidogo, maana nataka tuzungumzie kitu kinachokaa kwenye kikopo kidogo chini ya boneti, kitu ambacho wenye magari wengi hawajawahi hata kukichungulia. Kinaitwa mafuta ya breki. Jina hilo analitumia kila mtu: fundi, mwenye duka la spea, dereva wa daladala, hata trafiki. Tatizo la jina hilo ni moja tu. Katika magari mengi, kitu hicho si mafuta. Na kwa mtu mwenye gari la zamani, kosa linaloanzia kwenye jina linaweza kumalizikia kwenye mteremko wa Kitonga.

Kilichoniingiza kwenye habari hii ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Mjomba wangu aliinunua kwa mzee mmoja mstaafu, ikiwa imelala juu ya mawe kwa miaka mingi. Injini imeshaamka, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi, na mjomba ameshatangaza kwamba mwezi wa kumi na mbili familia nzima inapanda humo kwenda Iringa. Zimebaki breki. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu, hebu kaniulizie pale mjini, gari hili linatumia mafuta gani ya breki?"

Nikaenda Gerezani. Muuzaji wa kwanza alinipa kichupa kilichoandikwa DOT 5 na kuniambia namba kubwa ndiyo bora, hiyo haina mjadala. Fundi aliyekuwa amekaa pembeni akacheka. Yeye alisema gari hilo lilitengenezwa kabla ya mambo ya DOT, kwa hiyo niweke mafuta ya giaboksi ya otomatiki, gari la zamani halichagui. Wa tatu akamaliza kabisa: "Yote mafuta tu bwana mdogo, mradi yanateleza."

Majibu matatu, na yote matatu ni ya hatari. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni kwamba swali la mjomba halijibiwi kwa kuangalia namba wala umri wa gari. Linajibiwa kwa kuangalia raba. Historia yote ya kimiminika cha breki ni historia ya ndoa kati ya kimiminika na raba, na ndoa hiyo imebadilika mara kadhaa katika miaka mia moja iliyopita.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Magari ya mwanzo yalisimamishwa kwa vyuma na waya. Unakanyaga pedeli, pedeli inavuta fimbo au waya, waya unabana breki. Kwa gari linalotembea polepole ilitosha. Lakini waya hulegea, na haulegei sawasawa kila upande, kwa hiyo gurudumu moja linakamata kabla ya jingine na gari linavutwa pembeni. Kadiri injini zilivyoongezeka nguvu ndivyo jambo hilo lilivyozidi kutisha.

Dawa yake ilikuwa imeshagunduliwa zamani. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo ule unasambaa sawasawa kila upande. Yaani kanyaga mahali pamoja, na magurudumu yote manne yatapata taarifa ileile kwa wakati uleule. Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyelifanyia kazi wazo hilo kwenye breki za magari na kupata hataza yake mwaka 1917. Huyu na ndugu yake Allan ndio walioanzisha kampuni ya ndege, na kwa kuwa watu walishindwa kulitamka jina lao, waliliandika upya likawa Lockheed. Ndiyo, jina lilelile unaloliona kwenye ndege za kivita. Liliingia kwenye breki pia.

Mwaka 1921 gari la Duesenberg lilishinda mashindano makubwa ya Ufaransa pale Le Mans, dereva akiwa Jimmy Murphy, na lilikuwa na breki za kimiminika kwenye magurudumu yote manne. Ndani ya mabomba yake kulikuwa na nini? Maji yaliyochanganywa na gliserini. Mwaka 1924 Chrysler ikaleta breki za namna hiyo kwenye gari la watu wa kawaida zaidi. Wengine walichelewa. Ford aling'ang'ania vyuma na waya hadi magari yake ya mwaka 1939. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, iliyouzwa nje ilipata breki za kimiminika mwaka 1950, lakini ile ya bei nafuu iliendelea na waya hadi mwaka 1962. Kwa hiyo kama umerithi Volkswagen ya miaka ya 1950, kabla ya kuuliza mafuta gani, piga magoti uangalie kwanza kama inayatumia.

Sasa tufike kwenye raba. Kimiminika kikisukumwa ndani ya silinda lazima kizuiwe kisitoke pembeni. Loughead alianza na vikombe vya ngozi, na vilivuja. Wahandisi wa Chrysler wakaweka vya raba, uvujaji ukapungua, na mfumo ule ukaweza kuuzwa kwa watu bila aibu. Hapo ndipo ndoa ilipofungwa. Raba ya wakati ule ilikuwa raba asilia, itokanayo na utomvu wa mti, na raba hiyo ina adui mmoja anayejulikana: mafuta yatokanayo na petroli. Ukiichovya kwenye oili ya injini, dizeli au grisi, inanyonya, inavimba, inalainika kama ubani uliotafunwa. Raba iliyovimba ndani ya silinda hubana, breki hukataa kuachia, na mwishowe raba huchanika.

Kwa hiyo walihitaji kitu kinacholainisha kama mafuta lakini kisichokula raba. Walikipata kwenye mmea ambao bibi zetu wanaujua vizuri: mnyonyo, au mbarika kama unavyoitwa kwingine. Mafuta ya nyonyo hayaidhuru raba asilia, na yana tabia moja ambayo mafuta mengi ya mimea hayana: yanachanganyika na spiriti. Nyonyo ni mazito, spiriti ni nyepesi, ukichanganya unapata kitu kinachopita kwenye bomba jembamba hata kwenye baridi. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichosimamisha magari ya Marekani na Ulaya. Mbegu za nyonyo zilikuwa miongoni mwa mazao yaliyosafirishwa kutoka Tanganyika wakati wa ukoloni. Hayo tunayopaka nywele ni ndugu wa damu wa kimiminika cha zamani cha breki.

Kwa hiyo wakati ule ungeliita mafuta ya breki, usingekuwa umekosea. Nusu yake yalikuwa mafuta kweli. Nadhani jina lilizaliwa kihalali, kisha kilichomo ndani ya chupa kikabadilika na jina likabaki.

Kwa nini kilibadilika? Kwanza ni joto. Breki zinafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni moto. Spiriti huchemka mapema. Ikichemka inageuka mvuke, na mvuke haupitishi msukumo wa mguu kama kimiminika, kwa sababu unabonyea. Unakanyaga pedeli, mguu unabonyeza mvuke, pedeli inazama hadi chini na gari linaendelea na safari yake. Mambo yakawa makali zaidi zilipokuja breki za diski. Jaguar ilishinda Le Mans mwaka 1953 kwa kutumia breki hizo, na baada ya hapo zikaanza kuingia kwenye magari ya kawaida. Diski hukaribisha moto jirani kabisa na kimiminika. Nyonyo na spiriti havikuweza kazi hiyo.

Pili ni vita. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo, mahali palipokuwa na sehemu kubwa ya mashamba ya mpira duniani. Huku kwetu Afrika msako wa mpira ulifufuliwa. Katika Kongo ya Wabelgiji wanavijiji walilazimishwa tena kuingia porini kukusanya utomvu, miongo michache tu baada ya mateso ya enzi ya mfalme Leopold. Marekani nayo ikajenga viwanda vya kutengeneza raba bila mti, na baada ya vita raba hizo zikaenea kwenye vipuri vya magari. Kila aina ya raba ilikuja na marafiki na maadui wake.

Kimiminika kilichochukua nafasi ya nyonyo kinatokana na kundi la kemikali zinazoitwa glaikoli. Si mafuta. Kinaonekana kama mafuta, kinateleza kidogo kama mafuta, lakini kemia yake iko karibu zaidi na spiriti. Kina sifa mbili kubwa: huchemka kwenye joto kali sana, na hakigombani na raba asilia wala na raba nyingi za kutengenezwa zilizokuja kutumika kwenye breki. Kina na kasoro mbili. Kikidondokea kwenye rangi ya gari kinaibambua, kama mjomba alivyojionea pale kwenye tope jipya la mbele. Na kinanyonya maji kutoka hewani mchana na usiku, kupitia mfuniko na hata kupitia mipira ya breki yenyewe. Sisi tunaoishi Dar, Tanga au Mombasa tunaijua hewa yetu.

Miaka ile kila kampuni ilikuwa na chupa yake. Vitabu vya magari ya Kiingereza vilisisitiza utumie kimiminika cha Girling au cha Lockheed peke yake. Wenye magari walidhani ni biashara tu, na biashara ilikuwemo, lakini kulikuwa na sababu ya raba pia: mtengenezaji alikuwa amejaribu raba yake na chupa yake, na hakuwa na dhamana na chupa ya jirani. Marekani wakaamua kuweka utaratibu. Wizara yao ya Usafirishaji, ambayo kifupi chake ni DOT, ilianza kazi mwaka 1967, na miaka michache baadaye namba za DOT zikaanza kuonekana kwenye chupa. Ona sasa: Peugeot ya mjomba ilitoka kiwandani mwaka uleule wizara hiyo ilipoanza kazi. Ndiyo maana ukilisoma kabrasha la gari lake hukuti DOT hata moja.

Namba hizo hasa zinapima joto la kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 haitakiwi kuchemka chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Zote hizo tatu ni za jamii ya glaikoli. Tazama namba ya pili kila mara, maana ndiyo inayosema ukweli wa chupa iliyokaa ndani ya gari lako miaka mitatu. Ile DOT 4 ya nyuzi 230 imeshuka kwa nyuzi 75, nawe hujui, kwa sababu pedeli asubuhi inakanyagika vizuri tu.

Na DOT 5 ya yule muuzaji wa kwanza? Hiyo ni jamii nyingine kabisa. Imetengenezwa kwa silikoni, na kwa kawaida hupakwa rangi ya zambarau ili watu waitambue. Nayo ni 260 na 180, haili rangi ya gari, hainyonyi maji. Jeshi la Marekani liliipenda kwa magari yanayokaa ghalani muda mrefu, na wapo wenye magari ya maonyesho huko Ulaya na Marekani wanaoiapia. Lakini haichanganyiki na glaikoli. Ukiimimina juu ya mabaki ya DOT 4 kwenye mfumo wa zamani unapata vitu viwili visivyoelewana ndani ya bomba moja. Maji yakiingia hayasambai, yanakusanyika sehemu ya chini, mara nyingi kwenye silinda za magurudumu, na kutoboa chuma kwa kutu. Isitoshe hushika viputo vidogo vya hewa, na kutoa upepo kwenye breki kunakuwa kazi ya kutwa. Aliyebuni majina haya sijui alikuwa anawaza nini, maana DOT 5 na DOT 5.1 zinatofautiana kama maji na mafuta ya taa. Kwa hiyo "namba kubwa ndiyo bora" si kanuni.

Yule fundi aliyesema gari la zamani halichagui ana kesi kubwa zaidi, na ushahidi dhidi yake uko Ufaransa. Mwaka 1955 Citroën walionyesha gari la DS mjini Paris na kupokea oda 12,000 siku ya kwanza. Gari lile lilikuwa na mfumo mmoja wa kimiminika ulioendesha karibu kila kitu: breki, usukani, na chasisi iliyojiinua na kujishusha yenyewe. Agosti 1962 watu waliotaka kumuua Rais de Gaulle walilimiminia risasi pale Petit-Clamart, magurudumu yakapasuka, na gari likaendelea kukimbia mpaka likamtoa salama.

Lakini kimiminika chake chekundu, kilichoitwa LHS, kilinyonya maji na kula vyuma kwa kutu. Mwaka 1966 Citroën wakachukua uamuzi mkubwa: wakahamia kwenye mafuta halisi yatokanayo na petroli, ya kijani, yaliyoitwa LHM. Haya hayanyonyi maji. Ila raba za zamani zisingeyaweza hata kidogo, kwa hiyo walibadilisha raba zote za mfumo zikawa za aina inayostahimili mafuta. Na kwa kuwa waliwajua mafundi, wakapaka rangi ya kijani sehemu za mfumo mpya ili asiwepo mtu wa kukosea.

Sasa chukua DS mbili, moja ya 1964 na nyingine ya 1968. Kwa macho ni pacha. Ukiweka kijani kwenye ya kwanza, unaua raba zake. Ukiweka DOT 4 kwenye ya pili, unaua za kwake pia. Miaka minne tu kati yao. Rolls-Royce nao walipita njia hiyohiyo: Silver Shadow iliyoanza mwaka 1965 ilitumia kimiminika cha jamii ya glaikoli, na Silver Spirit iliyoifuata mwaka 1980 ikahamia kwenye mafuta ya petroli. Umri wa gari haukwambii kitu mpaka ujue raba iliyomo ndani.

Huku kwetu magari ya zamani mara nyingi si ya maonyesho. Ni Land Rover ya mission inayobeba mahindi, ni Kombi, ni Peugeot. Peugeot 404 hasa ina heshima yake. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 ilikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na kila mara mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Kwa hiyo mjomba akitembea mjini na gari lake wazee wanampigia saluti, na ni haki yake.

Wazee hao hao wa Land Rover watakusimulia jinsi walivyomwaga maji ya sabuni kwenye breki porini wakafika nyumbani. Naamini, kwa sababu maji ya sabuni hayavimbishi raba kama oili ifanyavyo, na kumbuka Duesenberg ya 1921 ilikimbia kwa maji na gliserini. Lakini ilikuwa ni kufika nyumbani tu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 na kutu huanza siku ileile. Leo kuna watu wanaoendelea na dharura ya namna hiyo kwa miaka.

Hapa ndipo inaponigusa kama mwandishi wa habari. Ajali ikitokea kwenye mteremko, sentensi ya mwisho ya habari karibu inajulikana kabla ya mwandishi kufika: chanzo cha ajali ni kufeli kwa breki. Msomaji anafunga gazeti akidhani kuna chuma kilichokatika. Inaweza kuwa hivyo. Lakini kimiminika kilichojaa maji kina ujanja mmoja mbaya. Kikichemka mteremkoni pedeli inazama. Gari likishalala korongoni na vyuma vikapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, na pedeli inaweza kurudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkaguzi anakanyaga, inakamata. Dereva aliyesema breki zilikataa anaonekana mwongo.

Na magari ya zamani yana jambo moja la ziada. Mengi ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya kimiminika kwa magurudumu yote manne. Marekani ililazimisha njia mbili kwa magari mapya kuanzia mwaka 1968, ili moja ikifa nyingine isaidie. Kwenye gari la njia moja, raba moja ya shilingi chache ikichanika, breki ya mguu imekwisha. Unabaki na breki ya mkono, gia na dua.

Mjomba nilimjibu hivi. Raba zilizomo ndani ya 404 yake hatujui ni za mwaka gani wala nani aliweka nini kabla yetu. Kwa hiyo zitolewe zote, kwenye masta silinda na kwenye magurudumu, pamoja na mipira ya breki, ziwekwe mpya zinazoendana na glaikoli. Mabomba yasafishwe kwa spiriti safi, siyo petroli. Kisha iwekwe DOT 4 kutoka kwenye chupa mpya isiyofunguliwa, na imwagwe yote na kubadilishwa kila mwaka kwa sababu ya hewa yetu ya pwani. DOT 3 nayo isingekuwa kosa. DOT 4 inampa nafasi zaidi ya joto. Alilalamika gharama ya raba, nikamkumbusha kwamba kwenda Iringa Kitonga ni ya kupanda, ila kurudi Dar ni ya kushuka, na wakati huo nyuma watakuwa wamekaa shangazi na watoto.

Nawe kama una gari la zamani, au marehemu babu ameacha Land Rover chini ya mwembe, usianze dukani. Anza kwa kujua mambo matatu. Raba zake ni za aina gani, au kama hujui, uko tayari kuzibadilisha zote? Ndani ya mfumo sasa hivi kuna nini? Na kimekaa humo tangu lini?

Hilo la pili unaweza kulipima nyumbani bila mashine. Chukua matone machache kutoka kwenye kikopo cha breki uyatie kwenye glasi ya maji, ukoroge. Glaikoli itayeyuka na kupotea ndani ya maji. Ikielea juu, uliyonayo ni mafuta ya petroli au silikoni, na kama gari lako si miongoni mwa yale machache yaliyoundwa kwa ajili yake, usiliwashe. Osha glasi vizuri sana au itupe kabisa, maana hicho kitu ni sumu, na mikono nayo ioshe kabla ya kushika rangi ya gari.

Fundi akikuuliza unataka mafuta gani ya breki, muulize kwanza raba zake ni zipi. Akikucheka, tafuta fundi mwingine.